UZI: Kauboi wa Clint Eastwood alizaliwa Hispania, na ukata ndio uliomfanya awe vile

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wikiendi.

Kwenye ule uzi wa filamu za zamani watu wameshikana mashati kuhusu nani mkali kati ya John Wayne na Clint Eastwood. Wengi wanasema zile za Eastwood, za poncho na kisigara mdomoni, ndizo zinazoonyesha Marekani yenyewe. Nikaona jambo hili lina uzi wake, maana filamu hizi nazipenda sana na ningefurahi tukizipenda tukijua zilikotoka.

Tunazozungumzia ni tatu: A Fistful of Dollars (1964), For a Few Dollars More (1965) na The Good, the Bad and the Ugly (1966). Hakuna hata moja iliyopigwa Marekani. Mwongozaji, Sergio Leone, ni mtoto wa Roma. Mtunzi wa muziki, Ennio Morricone, naye ni mtoto wa Roma. Lile jangwa la vumbi ni Tabernas, mkoani Almería, kusini mwa Hispania, na picha nyingi za ndani zilichukuliwa kwenye studio za Roma. Mji uliojengwa Tabernas kwa ajili ya filamu ya pili upo mpaka leo, watalii wanaingia kwa kiingilio na kuonyeshwa watu wakipigana bastola.

Hoja yangu ni kwamba utamu wote tunaousifia, nyuso zinazojaza skrini, ukimya mrefu, ule mluzi, ulitokana kwa sehemu kubwa na ukata. Leone hakuwa na hela za Hollywood. Kila alipopungukiwa alitafuta njia ya mkato, na njia za mkato zikawa mtindo ambao Hollywood yenyewe ilikuja kuuiga.

Filamu ya kwanza iligharimu kama dola 200,000 tu. Leone alimtaka Henry Fonda, bei haikushikika. Akaishia kwa kijana wa tamthilia ya televisheni iitwayo Rawhide, ambaye studio kubwa hazikuwa na habari naye. Huyo ndiye Eastwood, akalipwa dola 15,000. Wataliano wenyewe walihofia kwamba watu hawatanunua tiketi ya kauboi wa Kitaliano, wakajificha nyuma ya majina ya Kiingereza. Morricone akaandikwa Dan Savio. Leone akajiita Bob Robertson, na hapo alikuwa anamheshimu baba yake, mwongozaji wa enzi za filamu bubu aliyetumia jina la Roberto Roberti.

Sasa njooni kwenye kamera, maana hapa ndipo penyewe. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 unasogea matundu manne ya pembeni kwa kila picha moja. Wataliano walikuwa na mfumo uitwao Techniscope unaosogea matundu mawili tu. Mkanda unaokwisha kwa dakika 11 hapo unakupa dakika 22. Gharama ya mkanda inakatika nusu, na picha bado inatoka pana kama za matajiri. Matajiri walikuwa wanapata upana ule kwa lenzi maalumu nzito ambazo ukisogea karibu sana na mtu zinaleta matatizo. Techniscope ilitumia lenzi za kawaida. Kwa hiyo Leone aliweza kuusogelea uso mpaka ukabaki na macho mawili na jasho, na bado kila kinyweleo kinaonekana. Dakika inayofuata anakuonyesha kofia ya mtu hapa mbele na mpanda farasi kule mlimani, vyote vimekaa sawa. Ule mchezo wa karibu-mbali tunaoujua ulianzia kwenye kubana matumizi.

Nitaendelea na sauti. Karibuni.

#2

Naweka kambi hapa mkuu. Shusha nondo.

#3

Mkuu mleta uzi, usisahau kwamba hata hadithi yenyewe ya kwanza si yake. Ni ya Wajapani ile.

#4 Mleta uzi

#3 uko sahihi kabisa. A Fistful of Dollars imefuata nyayo za Yojimbo ya Akira Kurosawa, iliyotoka 1961. Mpiganaji asiye na bwana anaingia kwenye mji wenye makundi mawili yanayouana, anakula pesa za huku na za kule, anawagonganisha mpaka wanamalizana. Leone aliondoa upanga akaweka bastola. Hawakuomba ruhusa, na kampuni ya Kijapani ikadai haki yake. Yaliishia kwa makubaliano: upande wa Kurosawa ukapewa asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima pamoja na haki ya kuisambaza Japani na nchi jirani. Ndiyo sababu mojawapo Wamarekani waliiona 1967, miaka mitatu baada ya Wataliano.

Mimi hili halinipunguzii heshima kwa Leone, lakini hela ya Kurosawa ilikuwa halali yake na ilipaswa kulipwa tangu mwanzo.

Turudi kwenye sauti. Italia ya wakati ule picha zilichukuliwa kwanza, sauti ikaja kuwekwa studio baadaye. Pale jangwani Eastwood anaongea Kiingereza, adui wake Gian Maria Volonté anajibu kwa Kitaliano, wahudumu wa baa wanaongea Kihispania, na wote wako kwenye tukio moja. Ndiyo maana ukiangalia midomo haiendani na maneno. Lakini tazameni faida yake. Kama hakuna sauti iliyorekodiwa pale, basi kila kinachosikika kimewekwa na mtu kwa makusudi: buti kwenye mbao, vyuma vya visigino vya kumchochea farasi, nzi, upepo. Leone akajifunza kukaa kimya na kuacha vitu viongee. The Good, the Bad and the Ugly inapita dakika kumi za mwanzo bila mtu kutamka neno, na hakuna anayechoka.

#5

Kwenye muziki je? Mimi hata filamu sijaimaliza lakini ule mluzi naujua tangu utotoni.

#6 Mleta uzi

Ule mluzi ni wa mtu, dada yangu au kaka yangu #5. Anaitwa Alessandro Alessandroni, ndiye pia aliyepiga gitaa la umeme kwenye filamu ya kwanza. Hela ya okestra kubwa haikuwepo, Morricone akakusanya alichonacho: mluzi, gitaa, kengele, mlio wa mjeledi, kikundi kidogo cha waimbaji. Na kuna jambo zuri sana hapa. Leone na Morricone walisoma darasa moja shule ya msingi Roma, wakapotezana, wakaja kukutana tena watu wazima wakati wa kuandaa filamu hii.

Kwenye ile ya tatu, sauti ya mwanzo kabisa imetungwa kwa kuiga mlio wa koyoti, yule mbweha wa kule. Halafu ni kipande kilekile kinarudi kwa ala tatu. Blondie wa Eastwood anakuja na filimbi. Angel Eyes, adui aliyechezwa na Lee Van Cleef, anakuja na okarina, ile filimbi ya udongo yenye mlio mzito. Tuco, yaani Eli Wallach, anakuja na sauti za binadamu. Ukishalijua hilo, hata ukifumba macho unajua nani anaingia.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mwisho wake, pale makaburini. Asiyeona aruke aya hii. Tuco amefika, anatafuta kaburi lenye jina la Arch Stanton ambamo ameambiwa kuna dhahabu ya dola 200,000. Anaanza kutembea, kisha anakimbia, muziki unapanda, sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso inaingia bila maneno, kamera inazunguka naye mpaka makaburi yanakuwa michirizi. Baadaye watatu wanasimama kwenye uwanja wa duara, katikati kuna jiwe. Wako mbali sana na sisi, wadogo. Kisha mkono unasogea kwenye bastola. Uso. Mkono mwingine. Uso, karibu zaidi. Macho. Macho. Vipande vinafupishwa taratibu mpaka unahisi moyo wako ndio unaokata picha. Hakuna anayesema kitu, na risasi ikilia imekwisha. Hicho kitu kwenye karatasi ni mstari mmoja tu: "watu watatu wanatazamana". Leone alikijenga kwa nyuso na muziki.

#7

Na makaburi yale ni ya kweli?

#8 Mleta uzi

Hapana mkuu, hakuna aliyezikwa. Yako kaskazini mwa Hispania, mkoa wa Burgos, karibu na kijiji cha Santo Domingo de Silos. Wanajeshi wa Hispania ndio waliochimba na kusimika misalaba, makaburi zaidi ya 5,000. Enzi hizo nchi iko chini ya Jenerali Franco na jeshi lilikuwa likikodishwa kwa watu wa filamu. Wale wanajeshi wa Kaskazini na Kusini, pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mnaowaona kwenye daraja nao ni askari wa Hispania.

Lile daraja lenyewe lina kisa. Lilijengwa juu ya mto Arlanza ili lilipuliwe. Kapteni wa jeshi akapewa heshima ya kubonyeza kitufe. Akadhani ameshapewa ishara, akabonyeza. Daraja likapaa, kamera hazijawashwa. Jeshi likalijenga upya, likalipuliwa mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo tunayoiona. (Baruti ile ya vijiti isingekuwepo vilevile. Alfred Nobel aliipatia hataza 1867, na hadithi iko 1862. Hilo halinisumbui.)

Makaburi yaliachwa, nyasi zikayafunika kwa miongo. Mwaka 2015 watu wa kujitolea wakaanza kufukua kwa majembe ule uwanja wa mawe, na 2017 ikatoka filamu ya kumbukumbu kuhusu kazi yao. Watu walisafiri kutoka nchi nyingine kuja kushika jembe. Hapo ndipo ujue filamu imewaingia watu.

#9

Uzi mtamu, lakini wacha nilete upande mwingine maana nimekaa kimya muda. Filamu za kauboi, za Wamarekani na hizo za Wataliano, zimetulisha picha ambayo haikuwepo. Nimesoma historia ya eneo lile kwa miaka na naumia nikiona vijana wetu wanadhani kauboi ni mzungu mwenye macho ya bluu.

Kazi ya kauboi ilikuwa kuswaga ng'ombe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko, na miji ya kaskazini mashariki ilitaka nyama. Ng'ombe wakawa wanaswagwa mamia ya kilomita mpaka kwenye reli, mfano Abilene, Kansas, soko lililofunguliwa 1867. Enzi yote hiyo ilidumu kama miaka ishirini. Seng'enge, iliyopewa hataza 1874, ikafunga malisho, reli ikafika Texas kwenyewe, na kipupwe cha 1886 na 1887 kikaua mifugo kupita kiasi. Basi.

Na walioswaga ni nani? Makadirio yanayotajwa sana na wanahistoria ni kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Ina mantiki yake. Wakati mabwana wa Texas wako vitani, watumwa ndio waliobaki na ng'ombe, na walipopata uhuru huo ndio ujuzi waliokuwa nao mkononi. Wengine wengi walikuwa Wameksiko, na kazi nzima, kamba, tandiko, namna ya kumkamata ndama, ilitoka kwao.

Sasa nitajieni steringi mmoja wa zamani anayefanana na Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa 1838, akaja kuwa naibu wa mashali, yaani polisi wa serikali kuu, katika eneo la Arkansas na Oklahoma ya leo, akafanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Inasemwa alikamata watu zaidi ya 3,000. Hakuwa anajua kusoma. Alikuwa akisomewa hati za kukamata na kuzihifadhi kichwani. Mtu kama huyo Hollywood ilimwacha kwa vizazi.

Hata mapigano ya bastola yamekuzwa. Yale maarufu kuliko yote, ya O.K. Corral pale Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, yalichukua kama nusu dakika na kuua watu watatu. Na chanzo kimojawapo ni sheria ya mji iliyokataza watu kutembea na silaha. Yaani miji ya kauboi ilikuwa na sheria ya kusalimisha bunduki, wakati filamu zinatuonyesha kila mtu ananing'iniza ya kwake.

#10 Mleta uzi

#9 asante sana mzee wangu, hii ni darasa. Sina la kupinga kwenye historia. Naongeza tu kwamba Leone alikuwa msomaji, na The Good, the Bad and the Ugly imesimama juu ya tukio la kweli: mwaka 1862 jeshi la Kusini chini ya Jenerali Sibley lilipanda kuiteka New Mexico, likarudishwa baada ya mapigano ya Glorieta Pass mwezi Machi. Na ile kambi ya wafungwa, ambapo okestra ya mateka inalazimishwa kupiga muziki ili kufunika vilio vya anayeteswa, inakumbusha Andersonville, kambi ya Kusini ambako wafungwa karibu 13,000 walikufa. Leone aliihamishia kambi ya namna hiyo upande wa Kaskazini, upande wa washindi. Kwa mtu aliyekua chini ya Mussolini na kuiona Roma ikikaliwa na Wajerumani, nadhani hilo lilikuwa na uzito wake. Kwa filamu ya kutafuta dhahabu, inavichukia vita kuliko filamu nyingi zinazojiita za vita.

Lakini ni kweli, vita ile ilihusu utumwa, na watu weusi hawapo kwenye hadithi yake. Wanawake nao karibu hawapo. Hayo ni mapungufu makubwa na siyafunikii.

Alijaribu kidogo 1968 kwenye Once Upon a Time in the West. Ile ya kwenye stesheni, watu watatu wanasubiri treni. Mmoja ni Woody Strode, mwigizaji mweusi aliyekuwa pia mwanamichezo mkubwa. Anasimama chini ya tangi, tone la maji linaanguka juu ya kipara chake. Tone lingine. Anavaa kofia, matone yanaendelea juu ya kofia, hasogei. Treni inapokaribia anaivua na kuyanywa yale maji. Bila neno hata moja umeshamjua mtu yule ni nani. Miaka minane nyuma, 1960, mwongozaji wa Kimarekani John Ford alikuwa amempa Strode nafasi nzito zaidi kwenye Sergeant Rutledge, kama askari wa Kikosi cha 9 cha farasi, kile cha watu weusi kilichoundwa 1866. Hiyo itafuteni.

#11

Na wenye nchi yao je, Waapache, Wakomanche? Kwenye filamu nyingi wanakuja mlimani wakipiga kelele, wanaanguka kwenye farasi, basi.

#12

#11 umegusa penyewe. Hata Stagecoach ya 1939 iliyompaisha John Wayne inawatumia Waapache kama radi tu, hawana jina wala sababu. Na ilipigwa Monument Valley, ardhi ya Wanavajo, na Wanavajo ndio waliocheza Waapache. Leone alikwepa suala lote kwa kutowaweka. Sijui lipi baya zaidi.

#13

Mimi ni wa Unguja, nimekulia kwenye hadithi za wazee wetu waliokuwa wakienda Majestic pale Vuga na Cine Afrique. Ami yangu mpaka leo akizungumza filamu hazungumzi mwongozaji wala kamera, anakwambia "steringi hafi" na mambo yamekwisha. Kauboi wa Kitaliano ndiyo waliompendeza, anasema wale wa Kimarekani walikuwa safi sana, shati halichafuki. Nimemsomea uzi huu, amefurahi kujua kwamba vumbi lile ni la Hispania.

#14

Wandugu, sisi wa Kongo tunayo yetu. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walitoka sinema wakajiita Bills, kwa ajili ya Buffalo Bill. Walivaa kitambaa shingoni, wakatembea kama wapanda farasi, wakajitengenezea na lugha yao. Hiyo ilikuwa kabla ya Leone, ni filamu za Amerika tupu. Mkoloni alipeleka picha akidhani ni za kupitisha muda, vijana wakajifunza ndani yake namna ya kusimama.

#15 Mleta uzi

#13 mpe ami salamu zangu. Ami kasema kwa neno moja kile ninachohangaika nacho toka juu: vumbi. Kauboi wa Hollywood ya miaka ya 1950 alitoka kwenye mapigano amepigwa pasi. Wa Leone hajanyoa, ana deni, anatazama pesa kwanza.

#14 sijui ni wangapi hapa wanalifahamu hilo la Bills, ahsante. Ningependa ulifungulie uzi.

#16

Wakuu, mmenishawishi. Naanzia wapi? Na nimeona The Good, the Bad and the Ugly iko ya saa mbili na dakika arobaini, nyingine inakaribia saa tatu. Ipi ni ipi?

#17 Mleta uzi

Anza na For a Few Dollars More. Hadithi ni nyepesi kufuata, na ile saa ya mfukoni yenye muziki, inayolia kabla ya pambano, itakufundisha namna Leone anavyocheza na kusubiri. Kisha The Good, the Bad and the Ugly, kisha Once Upon a Time in the West. Ya kwanza itazame mwishoni, ukiwa umeshaona Yojimbo, uzilinganishe mwenyewe. Ukitaka kuona mzigo huu ulimfikisha wapi Eastwood, ongeza Unforgiven ya 1992, ambayo aliiongoza mwenyewe, ikapata Oscar nne ikiwemo ya filamu bora. Kwenye majina ya mwisho kabisa kuna tabaruku kwa Sergio na Don. Sergio ndiye huyu. Don ni Don Siegel, mwalimu wake wa pili. Leone alikuwa ameshafariki, Aprili 1989.

Kuhusu urefu: Wamarekani walipoipokea walikata vipande, ndiyo hiyo fupi. Mwaka 2003 vipande vikarudishwa, lakini havikuwahi kuwekewa Kiingereza. Wakawaita Eastwood na Wallach studio kurekodi mistari yao upya wakiwa wazee, na Van Cleef, aliyekwisha kufariki, akawekewa sauti ya mtu mwingine. Ukisikiliza kwa makini utamsikia Eastwood akizeeka ghafla katikati ya tukio, halafu anarudi ujana. Mimi kwa mara ya kwanza nakushauri uangalie ile fupi, sauti zake zimetulia. Ndefu iache kwa mara ya pili. Na tafadhali usiangalie kwenye simu, tafuta skrini kubwa na spika nzuri kidogo.